Mwambie Asiwahi Nyumbani

6 Aprili

Kaka yangu mpendwa,

Ukiona mwandiko unayumba usidhani naumwa. Naandika huku nacheka peke yangu, na kiti nilichokalia kina mguu mmoja mfupi. Hamjambo huko machimboni? Goti la Mama limepoa? Wifi je, bado anakufokea ukinawa grisi kwenye beseni la vyombo? Mpe pole, na mwambie sasa namwelewa, kwa maana mimi pia nina mume wa kufokea. Nina mume, Kaka! Najua unajua, ulikuwepo, ulikula mpaka ukalegeza mkanda. Lakini nayasema maneno hayo kila asubuhi ili niyasikie: mume wangu. Matamu hayo!

Chumba chetu kiko ghorofani, juu ya ghala la kamba la bandari. Kinanukia rangi na lami. Ngazi inalia kila ukiikanyaga, na kitanda nacho kinalia, hata mke wa mtunza ghala anayekaa chini ametuomba kwa adabu tukisogeze mbali na ukuta. Nilitamani ardhi inimeze! Mume wangu alicheka mpaka machozi. Nimeshona pazia la manjano, na dirisha letu linatazama moja kwa moja mlango wa bandari.

Sasa kazi yake naielewa, si kama zamani nilipokuwa nasema tu "anaendesha boti". Meli kubwa haziingii zenyewe. Zinasimama nje kabisa, na boti ndogo inampeleka rubani wa meli, naye anapanda kwa ngazi ya kamba ili aiongoze kuingia. Boti hiyo ndogo ndiyo yake. Yeye anashika usukani, baharia mmoja anashughulika na kamba, fundi anakaa nyuma na mashine. Wakishampandisha rubani wanarudi, na kurudi huko lazima wavuke Kizingiti. Ndivyo wanavyoliita fungu la mchanga lililoko mlangoni, ambako mawimbi yanainuka na kuvunjika. Siku bahari ikichafuka, boti ile naiona kama punje ya mchele kwenye sufuria inayotokota. Moyo unaniruka, halafu naona anatokeza, na najisikia kama mke wa mfalme.

Na sikiliza hili. Wenzake walikuwa wakimwita Kobe, unakumbuka? Siku hizi wanamwita Chupuchupu! Nikamuuliza kwa nini, akanishika kidevu akasema, "Kwa sababu nilikupata chupuchupu, nusura yule mwalimu wa hesabu akuchukue." Mwanamume gani mwingine anajua kusema hivyo? Na ana mbio za kurudi kwangu, Kaka! Boti mbili zikitoka pamoja, yake inafika gatini ile nyingine ikiwa bado inabembea nje. Namimina chai nikimwona mlangoni, na anaikuta ya moto.

Nawapenda wote. Leo nampenda hata mwalimu wa hesabu.

Mdogo wako, mke wa mtu


29 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ilikuja na lori la dizeli, imelowa kona moja, lakini inasomeka. Sisi wazima. Goti la Mama linamuuma asubuhi, likifika mchana linasahau. Wifi yako anasema karibu kwenye chama cha wafokaji. Mashine ya kuponda mawe imekatika shafti, kwa hiyo nashinda nimelala chini yake nikitazama chuma. Mama alitaka nimsomee barua yako tena, kisha akasema, "Huyu mtoto ndoa imempanda kichwani kama homa. Mwacheni, ni homa nzuri."

Nimefurahi kwamba una furaha. Hilo naliandika mapema lisije likapotea katikati ya mengine.

Mwambie shemeji asiwahi nyumbani. Chai hupashwa moto.

Na ukiwa dirishani akiwa anavuka Kizingiti kuja ndani, nitazamie jambo moja. Wimbi lililo karibu naye kuliko yote, liko mbele yake au nyuma yake? Nijibu hilo hata kama utasahau kujibu mengine.

Kaka yako


18 Mei

Kaka mwenye wivu,

Eti asiwahi nyumbani! Nilimsomea mume wangu, akacheka kidogo tu, akasema, "Kaka yako ni fundi, ashike spana yake." Halafu akaenda kunawa uso ilhali alikuwa ameshanawa.

Mimi mzima, nimenenepa mashavu. Mke wa mtunza ghala ananifundisha kufuma. Nimemtumia Mama kitambaa cha kichwa, kimepinda upande mmoja, mwambie ni mtindo.

Sasa swali lako. Nilikaa dirishani kama mwanafunzi wa mtihani, na jibu ni vyote viwili. Mwanzoni wimbi liko mbele yake, kubwa kama paa la ghala, nalo linatangulia, yeye analifuata kama anayepanda kilima kwa nyuma. Halafu mashine inanguruma, naisikia mpaka chumbani, na analipita! Kaka, mume wangu anapita wimbi! Pua ya boti inatokeza hewani juu ya povu, inasita kidogo, kisha inateremka upande wa huku kwa kasi, kama mtoto kwenye kilima cha mchanga, na mara yuko kwenye maji tulivu. Ile boti nyingine haina ubavu huo. Inajikokota tu nyuma ya mawimbi kama mzee aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Juzi ndipo nilipotaka kufa kwa raha. Wimbi lilikuwa limemwinua juu kabisa, akaona pazia la manjano, akaachia usukani mkono mmoja akanipungia. Juu ya maji yale! Nani amewahi kupungiwa namna hiyo?

Watu wanasema msimu wa mawimbi makubwa ndio kwanza unaanza. Na jambo jingine. Mke wa mtunza ghala aliniambia, "Kumbe wewe ndiye dada yake yule fundi wa zamani," halafu akakumbuka ana kitu jikoni. Hakuwa na kitu jikoni, jiko lake lilikuwa limezimwa. Kwa nini uliacha kazi hapa, Kaka? Ulituambia hewa ya chumvi inakukohoza. Nimekaa nikafikiri, na sijawahi kukusikia ukikohoa.

Mdogo wako anayepungiwa


9 Juni

Mdogo wangu,

Huku tunaendelea. Wifi yako amepanda vitunguu, na Mama anavisemesha asubuhi kama wajukuu. Kitambaa kimefika, analala nacho kichwani.

Sikuwa nakohoa.

Soma hapa polepole, na kaa chini. Wimbi linalovuka Kizingiti lina mgongo na lina uso. Mgongo ni upande unaoelekea nje, mteremko wake ni wa pole. Uso ni upande unaoelekea bandarini, nao ni ukuta. Boti ndogo inaingia salama ikikaa mgongoni, ikienda kwa mwendo wa wimbi lenyewe. Ikizubaa, wimbi la nyuma linaifikia. Ikizidisha, inapita kilele na kushukia usoni, na hapo usukani hausikii tena la mtu. Pua inachimba maji, mkia unainuka, na iliyobaki ni bahati. Wewe unasema analipita wimbi. Sisi tulisema amedondoka. Anayefika upande wa pili akiwa amekaa amefika chupuchupu, na hilo jina hawakumpa kwa sababu ya mwalimu wa hesabu.

Nilikuwa fundi kwenye boti hiyo hiyo. Fundi anakaa ameelekea nyuma, kwa hiyo mimi niliyaona mawimbi yanayokuja na sikuona tunakokwenda. Mshika usukani wetu alikuwa mtu mzuri. Mke wake alikuwa amejifungua wiki ile, naye alitaka kumwona mtoto. Nilisikia mashine ikinguruma kupita nilivyoiweka. Kisha nikaona mbingu mahali pa maji. Tulikuwa wanne, pamoja na rubani tuliyemchukua kwenye meli iliyokuwa ikiondoka; tukarudi wawili. Mmoja ni mimi. Mwingine alikuwa baharia wa kamba, kijana mpole, ambaye baadaye alipewa usukani na akaushika kwa woga na adabu mpaka wakamwita Kobe. Ndiyo, huyo huyo. Ulipomleta nyumbani nilikubali kabla hajamaliza kuketi. Nilisema moyoni, namkabidhi mdogo wangu kwa mtu asiyejua haraka.

Sikufikiria kwamba atakupenda hivi.

Mwambie. Na maneno yasipomtosha, nuna. Nilimuuliza Mama kama mzaha, mwanamume anayekimbilia nyumbani kila siku utampunguzaje mwendo? Akacheka, akasema, "Mnunie. Asiyejua kama ndani atakuta mke au chui hutembea polepole." Hajui alikuwa anajibu nini. Usimweleze.

Kaka yako


30 Juni

Kaka,

Salamu kwa wote, na kwa vitunguu pia.

Nilimwambia. Alikuwa anakata kucha, akaacha mkono mmoja haujakwisha. "Kaka yako amekueleza," akasema. "Mimi nilitaka nikueleze tukiwa wazee." Akanishika mikono, akaapa. Na kweli kwa siku kadhaa alikaa mgongoni, niliona mwenyewe, ametulia nyuma ya wimbi kama mtoto nyuma ya mwalimu. Nililia kwa furaha hapo dirishani. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia kwamba mambo yamekwisha.

Halafu akasahau. Sisemi alikataa, alisahau. Alirudi uso umempauka, akakaa kitandani na maji yake yote. "Nilikuwa mgongoni," akasema, "vizuri kabisa. Nikaona pazia lako. Mkono ukajiendea wenyewe, ukaongeza mafuta."

Nikalishusha pazia. Kesho yake akaona dirisha tupu, akadhani naumwa, akaja mbio kuliko siku zote! Alipanda ngazi akihema, "Una nini? Una nini?" Nilimkumbatia. Nifanyeje, Kaka? Nilimkumbatia.

Basi nikajaribu dawa ya Mama. Nilipika bila kusema neno, nikamwekea sahani kwa kishindo. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akasema, "Bibi, hiki chakula kimenuna, au ni chumvi imezidi?" Nikacheka mpaka nikapaliwa, na yeye akanipiga mgongoni huku anacheka. Mimi sijui kununa. Wewe ulikuwa hodari, uliweza kumnunia mtu tangu Jumatatu mpaka Ijumaa na huku unamwazima baiskeli yako. Nifundishe kwa barua.

Nilikwenda kwa msimamizi wake pia, nikajifanya nauliza tu. Hana mwingine mwenye cheti cha usukani wa kuweka mahali pake, na meli zinasubiri nje kwa foleni. "Mumeo ni hodari, mama," akaniambia. "Hakuna anayewahi kama yeye." Nikasema asante. Nilishukuru, Kaka, kama mpumbavu.

Mawimbi yamekuwa makubwa mno. Yakivunjika mlangoni, vikombe vinasogea kabatini.

Mdogo wako


21 Julai

Mdogo wangu,

Wote wazima. Mama amegundua kwamba nikipata barua yako sili. Nimemwambia unaandika habari za mapazia.

Niliteremka na lori mpaka mjini nikapiga simu ofisi ya bandari. Aliyepokea akasema shemeji yuko nje na boti, niache ujumbe. Nikabaki nimeshika simu. Ujumbe gani? Mwambieni asifurahi? Aliuliza, "Haloo, bado upo?" Nikasema basi, si neno.

Unataka nikufundishe kununa. Sikuwa nanuna siku zile. Nilikuwa naogopa kulia mbele yenu, basi nikafunga mdomo, na watu wakaona nimenuna. Labda hiyo ndiyo njia.

Ukisoma haya, litakalotokea kati ya leo na siku hiyo litakuwa limeshatokea. Najua hilo, na bado naandika, kwa sababu mikono haikubali kukaa. Mnunie hata ikikuuma. Kama ni dhambi, niandikiwe mimi.

Kaka yako


26 Agosti

Kaka,

Hamjambo. Mimi mzima. Mwambie Mama goti alikande kwa maji ya moto, na umshukuru Wifi kwa salamu.

Barua yako ilinikuta nimeshajifunza.

Ilikuwa siku ambayo boti zote mbili zilirudi pamoja. Nilikuwa dirishani na mwiko mkononi. Alilipita wimbi kama kawaida yake, pua ikatokeza hewani, lakini safari hii haikuteremka, ilichimba. Boti ikalala ubavu, na kwa muda nikaona tumbo lake jekundu. Unajua nilifanya nini? Nilipiga kelele mle chumbani, kana kwamba chumba ndicho kinachozama. Boti ikajiinua yenyewe. Baharia wa kamba hakuwemo. Ile boti nyingine, ile niliyoicheka, ikaja polepole nyuma ya wimbi lake ikamwokota. Yuko hai, bega limevunjika. Mume wangu alirudi, akanikumbatia, akasema, "Nilikuwa nawaza kukuona tu." Maneno hayo, Kaka, mwezi wa nne ningekuandikia kwa herufi kubwa. Nikamsukuma.

Tangu hapo nanuna. Sasa najua. Kazi ya kununa iko machoni, uso si kitu: humtazami. Akiingia, natoka na ndoo hata kama maji yapo. Akisema jambo la kuchekesha nauma shavu kwa ndani. Mto wangu nimeuhamishia miguuni. Ananiuliza, "Nimekukosea nini?" Nasema hakuna. "Ni lile la siku ile?" Nasema hakuna. Nikimweleza sababu atajua kwamba nampenda, na akijua atafurahi, na akifurahi atawahi. Mke wa mtunza ghala alinishika mkono ngazini, akaniambia ndoa zote huchuja, nijikaze. Nikaitikia.

Jana bahari ilikuwa mbaya kuliko nilivyowahi kuiona. Ilibidi watoke, kulikuwa na meli imezimika mashine karibu na miamba. Asubuhi nilijifanya nimelala. Nilimsikia akisimama mlangoni, amesimama tu, kisha ngazi ikalia hadi chini.

Waliporudi nilikaa sakafuni chini ya dirisha nisionekane, nikitokeza macho. Hawakuingia. Walikaa nje ya Kizingiti, boti inapanda, boti inapotea, na mawimbi yanainuka kama nyumba zinazojengwa na kubomolewa papo hapo, na yeye anayaacha yapite. Moja. Jingine. Jingine tena. Nilikuwa natafuna pindo la gauni. Kila kiungo changu kilitaka kifungue dirisha kimwite, na hilo ndilo jambo moja duniani ambalo sikuruhusiwa kulifanya. Hatimaye akachagua moja, akakaa mgongoni mwake, akaingia nalo taratibu kama mtu anayesindikiza jeneza, mpaka kwenye maji tulivu.

Hata baada ya kufunga kamba hakuja. Nilimsikia ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa, hapandi. Alikaa pale mpaka nikawa siwezi tena kuona vidole vyangu vizuri. Alipofungua mlango uso wake ulikuwa mweupe kwa chumvi. Nikamuuliza, kwa ile sauti mbaya niliyojifunza, "Mbona umechelewa?"

Akavua jaketi, akalitundika, akaunyoosha mkono mmoja wa jaketi kana kwamba una kosa.

"Sikuwa na haraka ya kurudi," akasema.

Nikageukia ukuta, Kaka, nikajiziba mdomo kwa mkono, nikamshukuru Mungu. Msimu bado ni mrefu.

Ni mimi mdogo wako, ambaye mpaka leo ana mume